Mfuniko Umefunguliwa

“Jumatano, saa nane na dakika kumi na mbili mchana: mfuniko umefunguliwa.”

Ndivyo mashine ilivyoandika, na mashine haina ndugu wa kumfichia siri. Nilikuwa nimepiga magoti sakafuni chumbani kwangu, bisibisi nimeing'ata, skrini ndogo nimeiegemeza kwenye kiti. Nikausoma mstari ule mara ya pili, kisha ya tatu. Jumatano ile, saa nane mchana, mimi nilikuwa mwendo wa kutwa nzima kutoka nyumbani, ndani ya kiwanda cha saruji, nikiwafungia kompyuta zao huku vumbi limeniganda mpaka kwenye kope. Nyumbani walikuwamo watu wawili tu. Wa kwanza ni baba yangu, ambaye macho yake yalishazimika na asingeweza kuiona skrubu hata ukimwekea kiganjani. Wa pili ni kaka yangu.

Niliitoa bisibisi mdomoni nikacheka. Nilicheka peke yangu, kwa sauti ya chini ili Baba asinisikie kutoka sebuleni, mpaka machozi yakanitoka. Kwa miezi kumi na mmoja nilikuwa nimebeba mzigo usio wangu, na sasa nilikuwa nimempata mwenyewe. Miaka tisa imepita tangu siku ile na bado naikumbuka furaha yake. Haikuwa furaha nzuri, lakini ilikuwa furaha.

Mama yangu alikuwa opereta wa simu kwa miaka ishirini na sita, enzi zile ambazo ukitaka kuongea na mtu wa mbali lazima kwanza uongee na mtu wa kukuunganisha. Alikuwa na sauti ambayo hata ikikwambia namba unayoitaka haipatikani, unashukuru na kuaga vizuri. Baba alikuwa mpima ardhi, na alipenda vitabu kuliko alivyopenda watu. Macho yalipoanza kumwishia, Mama alikuwa ameshastaafu, akaanza kumsomea. Kila siku saa nne asubuhi, chai ikishanywewa, alivaa miwani, akafungua kitabu na kuuliza, “Haya, tulifika wapi?” Alimsomea riwaya, magazeti, hata karatasi za maelezo zinazokuja na dawa. Tena hakusoma tu kama anayepitisha muda. Mtu wa hadithini akifanya upuuzi, Mama alimkemea humo humo katikati ya sentensi: “Mjinga huyu! Si umeambiwa usiende?” Kisha anaendelea.

Mimi ni fundi wa seva, zile kompyuta kubwa za ofisini zinazokaa zimewashwa mwaka mzima zikitunza vitu vya watu. Siku moja nikaweka kipaza sauti kidogo kwenye rafu, nyuma ya chupa ya maua, nikaanza kumrekodi. Mama alijua baada ya wiki mbili na akanicheka. “Utanichoka,” akasema. Mpaka anafariki, rekodi zilikuwa zimefika saa mia nne na kumi na mbili. Nilizihifadhi kwenye seva moja ya kusimama, pana kama kabati la viatu, niliyopewa na ofisi moja ilipokuwa inahama. Ilikaa stoo, kando ya korido, ikinguruma taratibu mchana na usiku.

Baada ya mazishi Baba alikaa wiki mbili hasemi. Nikachukua kitufe cha kengele ya mlango, nikakifunga kwenye mkono wa kiti chake: ukibonyeza, Mama anasoma, ukibonyeza tena, ananyamaza. Tangu siku hiyo Baba aliacha kuniita jina langu, akawa ananiita Macho Yangu. “Macho yangu, leo kasoma vizuri.” “Macho yangu, njoo umsikie anavyomtukana huyu hakimu.” Nilikuwa na miaka arobaini na tatu, sina mume, sina mtoto, na hakuna mtu aliyewahi kuniita kitu kizuri kuliko hicho.

Kulikuwa na kasoro moja tu. Diski zikikaa muda zilikuwa zinalala, na Baba akibonyeza zilichukua kama dakika nzima kuamka. Katika dakika hiyo alinung'unika, “Mama yenu siku hizi anachelewa.” Ulikuwa utani wake, na mimi niliuacha kwa sababu alikuwa anaupenda. Kaka yangu akausikia, akauchukulia kuwa ni shida inayosubiri mtaalamu.

Kaka yangu tulimwita Injinia. Hakuwa injinia, alikuwa anauza pampu za maji. Jina alilipata udogoni kwa kufungua kila kitu cha nyumbani, redio, saa ya ukutani, pasi, na kila alichokifungua akikirudishia kinabakiza skrubu. Mama alikuwa na kopo la skrubu zake jikoni. Mtu mwingine angeona aibu, yeye alikua nalo jina hilo mpaka akaliandika kwenye kadi zake za kazi. Ana miaka sita zaidi yangu, ana kifua kipana na sauti ya kuaminika, na Baba alimwamini. Mtoto wa kwanza hata akikosea huwa amejaribu. Wa pili akikosea amekosea.

Kwa hiyo nilipopata ile kazi ya wiki mbili kiwandani, Injinia akachukua likizo aje akae na Baba. Siku mbili kabla ya kuondoka nilifungua seva nikaipuliza vumbi, nikaifunga, nikaiwasha. Ilisoma Jumatatu, ikasoma Jumanne, ikasoma Jumatano asubuhi. Jumatano mchana ndipo ilipokufa.

Niliporudi, Injinia alinipokea mlangoni, uso ameshauandaa. Sikuwa hata nimetua begi.

“Mdogo wangu, mashine yako imekufa.”

Wiki zote zile ilikuwa mashine ya Mama. Ilipokufa ikawa yangu.

Baba alikuwa kwenye kiti chake, mikono magotini. “Kaka yako anasema uliifungua kabla ya kuondoka,” akasema.

“Niliifungua, Baba, kutoa vumbi tu. Si ilisoma baada ya hapo?”

“Shoti huanza polepole, Baba,” Injinia akaingilia, kwa upole wa daktari. “Leo kidogo, kesho kidogo. Hajafanya makusudi.”

Hilo la makusudi ndilo lililonimaliza. Mtu akikutetea kwa kosa ambalo hujalifanya, unashtakiwa na kuhukumiwa papo hapo, tena unatakiwa umshukuru.

“Na nakala?” Baba akauliza. “Si una nakala?”

Sikuwa nayo. Kila mteja wangu nilimhubiria kwamba kitu kisicho na nakala si chako, umekiazima tu. Niliwahubiria mpaka wakanichoka, na kwangu mwenyewe sikufanya. Mganga hajigangi. Nikasimama pale na begi begani, na ukimya wangu ukageuka kukiri.

Jioni ile ile Injinia aliipakia seva kwenye gari lake. Alikuwa na mtaalamu, alisema, mtu wa kuaminika. Baada ya wiki tatu alirudi na maneno matupu: diski zote nne zimeungua, mtaalamu amezibakiza kwa ajili ya vipuri, na tatizo lilikuwa ni mkono wa aliyeifungua. Baba aliyasikiliza yote mpaka mwisho. Kisha akasema, “Haidhuru.”

Kama angefoka ningepata pa kushika. Hakufoka. Aliendelea kukaa kwenye kiti kile kila siku saa nne asubuhi, ameigeukia spika isiyosema kitu, kidole juu ya kitufe bila kukibonyeza. Saa tano anainuka. Kwangu alikuwa na salamu na shukrani za chakula, na aliniita “binti,” kama unavyomwita muuguzi wa zamu. Nilimpikia, nilimfulia, nilimkata kucha, na katika miezi kumi na mmoja sikusikia Macho Yangu hata mara moja. Mimi nililala nikiamini kwamba nimemuua mama yangu mara ya pili.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya kaka yangu ilikatwa na mke wake.

“Wifi,” aliniambia kwenye simu, “tunapaka rangi nyumba. Njoo uchukue hili dude lako, limenijazia stoo.”

“Dude gani?”

“Lile kompyuta lenu. Tangu alilete halijasogea hapo lilipo.”

“Si lilienda kwa mtaalamu?”

“Mtaalamu gani?” akasema.

Niliifuata siku hiyo hiyo, Injinia akiwa kazini, nikaiingiza chumbani kwangu kwa mlango wa nyuma. Nilipoiinamisha, skrubu mbili zikabingirika ndani yake. Nilijua mkono wa nani ulikuwa umepita humo kabla sijafungua.

Ndani kulikuwa na uharibifu wa mtu mwenye bidii. Seva ile ilikuwa na vijiti vinne vya memori vya aina ya seva, vile vyenye kijichipu katikati kinachopokea amri kwa niaba ya wenzake. Viwili vilikuwa bado vipo. Pembeni yake alikuwa amechomeka viwili vipya vya kompyuta za kawaida, stika zikiwa bado zinang'aa. Vinaingia kwenye tundu lile lile, vinabana vizuri kabisa, na ndiyo sababu vinawadanganya watu; lakini aina hizi mbili haziwezi kukaa nyumba moja, mashine ikiziona pamoja inagoma kuamka na kulia tu. Kibaya zaidi, kadi ya diski haikuwepo. Diski zile nne hazikuwa zimechomekwa kwenye seva moja kwa moja. Zilipitia kadi maalumu, na ni kadi hiyo iliyogawa kila rekodi vipande vipande na kukumbuka kipande gani kiko wapi. Bila kadi, kila diski ni ukurasa uliochanwa. Injinia alikuwa ameing'oa kadi, akazichomeka diski kwenye ubao mkuu. Baadaye nilijua kwamba aliona mahali mtu akisema kadi hizo zinachelewesha mashine.

Sikuona alama yoyote ya kuungua popote.

Nilitoa vijiti vyake, nikabakiza vyangu viwili, nikawasha. Mashine ikalia mara moja, mlio mfupi wa kusema niko sawa, na nikaenda moja kwa moja kwenye shajara yake. Seva huandika kila linaloipata, na mtu anayeuza pampu hawezi kujua hilo. Mfuniko umefunguliwa saa nane na dakika kumi na mbili. Saa tisa kasoro dakika tano: memori haziendani. Saa tisa na dakika tatu: memori haziendani. Saa tisa na kumi, na thelathini na moja, na hamsini. Nilimwona kabisa, shati limemganda mgongoni, akichomoa na kuchomeka, na Baba sebuleni akiuliza kuna nini. Saa kumi na moja na dakika arobaini: mfuniko umefungwa. Alikaa nayo kwa muda wa saa tatu na nusu. Halafu akanawa mikono, akaenda kumwambia baba yangu kwamba ni mimi.

Sikumpigia simu. Nilitaka kwanza sauti ya Mama, kisha yeye.

Kadi niliitafuta kwa Babu Vyuma, mzee anayenunua mitambo chakavu ya ofisi na kuichambua kwenye ndoo, kila kifaa na ndoo yake. Nilimwonyesha namba ya modeli niliyoiandika kwenye kiganja. Alichakura, akatoa kadi iliyofanana na yangu kwa kila kitu, rangi, urefu, hata matundu. Niliichomeka nikiwa na moyo mkononi. Mashine ilifika kwenye kadi ikaganda hapo kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Nikairudisha.

“Hizi ni ndugu wa baba mmoja, dada,” Babu Vyuma akasema, akiipeleka karibu na miwani. “Wanafanana sura, lakini hawakurithi kitu kimoja. Hii ilizaliwa baadaye. Ya kwako ni mkubwa wake.” Akainamia ndoo ya chini kabisa, akatoa nyingine yenye kutu kwenye ukingo. “Huyu hana sura, lakini atamjua mwenzake.”

Alimjua. Mashine ikapita, ikasimama, na kwenye skrini kukatokea swali. Kadi ilikuwa inasema imekuta diski zenye mpangilio uliotoka kwingine, inaomba amri: iupokee, au iufute? Majibu mawili, herufi mbili, zimekaa jirani kwenye kibodi. Diski ya tatu ilikuwa inawaka taa nyekundu, imekufa kweli, ingawa zile tatu zilizobaki zilitosha kubeba sehemu yake; nilizipanga hivyo tangu mwanzo, shukrani kwa akili yangu ya zamani. Nilikalia mikono yangu yote miwili kwanza. Kisha nikabonyeza herufi ya kupokea, kwa kidole kimoja, mkono mwingine nikiwa nimeuficha mgongoni.

Nilivaa vispika vya masikioni. Mama akakohoa, akageuza ukurasa, akauliza, “Haya, tulifika wapi?”

Nililia chini pale, kichwa kwenye kasha la bati. Nikatengeneza nakala sita.

Sasa nifike mahali ambapo kila nikisimulia huwa naruka. Ilikuwa Ijumaa, saa tano kasoro asubuhi. Baba alikuwa sebuleni, hatua kumi na tano kutoka mlangoni kwangu, amekaa mbele ya spika isiyosema. Ningeweza kufungua mlango. Sikufungua. Injinia alikuwa safarini, angerudi Jumapili ya wiki iliyofuata, na mimi nilitaka awepo. Siku tisa nilimpitia baba yangu nikiwa na sauti ya mke wake chumbani, nikamwandalia chai, nikamsikia akiinuka saa tano na kuburuza miguu. Usiku wa kwanza dhamiri ilinisumbua, wa pili kidogo, kuanzia wa tatu nililala vizuri sana. Nilichapisha ile shajara kurasa nne na kupaka rangi ya njano mistari ya Jumatano. Nilifanya mazoezi mbele ya kioo. Niliamua hata mahali pa kutua ili meno yaingie.

Jumapili wakaja, yeye na wifi. Tulikula, wakasifu chakula. Injinia alikuwa anaeleza habari za pampu fulani inayovuta maji kutoka kina cha ajabu, nami nikamsikiliza kwa makini kama mdogo mwema. Vyombo vilipoondolewa nikasema, “Baba, bonyeza.”

“Nibonyeze nini?”

“Kitufe chako.”

Alifikiri ni mzaha mbaya. Niliona taya lake likikaza. Lakini kidole kilikwenda chenyewe. Kule stoo, nilikoirudisha mashine Baba akiwa amelala, diski zikaanza kunguruma. Injinia akaacha kutafuna kijiti cha meno. Ile dakika ikapita, ndefu, na kisha Mama akakohoa, akageuza ukurasa, akauliza tulifika wapi.

“Pale pale,” Baba akasema. “Pale pale, mke wangu.”

Mama akaanza kusoma. Baba aliunyosha mkono hewani kunitafuta, nikampa wangu, akaubana. “Macho yangu,” akasema. “Macho yangu, umempata wapi?”

Nilipaswa kuishia hapo. Nilikuwa nimerudishiwa kila kitu nilichonyang'anywa, mkono umeshikwa, jina limetajwa, na kama ningekuwa mtu mwema kidogo tu, hadithi hii isingekuwepo. Lakini nilikuwa namtazama kaka yangu. Alikuwa analia. Lile jitu lenye kifua lilikuwa limejikunja kwenye stuli, mabega yanacheza, na nikaona linatoka pale, linapiga magoti kwenye zulia mbele ya kiti cha Baba.

“Baba,” akasema. “Baba, mimi—”

Nilielewa mara moja. Alikuwa anataka kukiri. Angesema mwenyewe, kwa kinywa chake, akiwa magotini, Baba angemwekea mkono kichwani, na yangekwisha. Angekuwa mtoto aliyekosea akatubu. Na mimi na karatasi zangu nne tungekuwa nini? Miezi kumi na mmoja angeilipa kwa pumzi moja. Sikukubali.

“Usianze, Injinia,” nikasema kwa sauti. “Ngoja kwanza. Kuna maandishi.”

Nikazitoa chini ya mto wa kiti nikasoma. Nilisoma jinsi nilivyojifunza mbele ya kioo. Jumatano, saa nane na dakika kumi na mbili, mfuniko umefunguliwa. Na hapo mimi niko kiwandani, Baba, na mwanao wa kwanza yuko hapa. Saa tisa kasoro dakika tano, kakosea. Saa tisa na dakika tatu, karudia kukosea. Nikamwambia Baba kuhusu stoo, kuhusu mtaalamu ambaye hakuzaliwa, kuhusu diski zilizoungua bila moto. Mama alikuwa anasoma wakati wote huo, nami nikapaza sauti ili nimshinde. Injinia alibaki magotini, mdomo wazi, kila alichotaka kukisema kimeshasemwa na mimi, vibaya zaidi. Wifi alijifunika uso kwa kanga.

“Nyamaza,” Baba akasema.

Nilidhani anamwambia yeye. Nikaendelea na saa tisa na dakika kumi.

“Nyamazeni wote. Mama yenu anasoma.”

Tukanyamaza. Alisoma dakika arobaini, sura nzima, na hakuna aliyejikuna. Kulikuwa na mahali alimkemea mtu wa hadithini, na Baba hakucheka. Sura ilipokwisha akabonyeza kitufe, akauweka uso wake upande ambao Injinia alikuwa akipumua.

“Ni kweli?”

“Ni kweli, Baba.”

“Nenda nyumbani kwako,” Baba akasema.

Niliwasindikiza mpaka getini, maana nilitaka kumwona akitoka. Alipokuwa anafungua mlango wa gari aliniambia, bila kunitazama, “Nilitaka tu asiwe anachelewa.”

“Kachelewa miezi kumi na mmoja,” nikamjibu. Lilikuwa jibu zuri. Nililifurahia wiki nzima.

Alipiga simu. Simu ya Baba nilikuwa naipokea mimi, kwa kuwa yeye haoni vitufe, na nilimwambia Injinia kwamba Baba amepumzika. Alipiga tena baada ya siku nne, Baba akawa anaoga. Mara ya tatu nikasema tu kwamba hataki, na hakupiga tena. Sitasema najuta kwa sababu ndivyo inavyotarajiwa. Wakati ule nilikuwa nashiba. Nilikuwa nimetendwa, nami nimetenda, mizani imekaa sawa, na kila asubuhi saa nne nyumba yetu ilikuwa na sauti mbili zinazopendana.

Baba aliishi miezi minne mingine. Kuhusu jambo lile hakuuliza kitu ila mara moja, katika wiki yake ya mwisho ya kuweza kukaa. Nilikuwa namfunga vifungo vya sweta. Alikuwa ameishika simu mapajani, anaigeuza geuza, kitu ambacho hakuwa na kawaida nacho.

“Siku ile,” akasema, “kabla hujaanza kusoma karatasi zako, kaka yako alianza kusema kitu. ‘Baba, mimi.’ Nimekuwa nikiwaza. Mimi nini?”

Vidole vyangu vikasimama kwenye kifungo cha pili. Alikuwa ananisubiri, uso ameuinua, simu ameinyosha kidogo upande wangu. Namba ya Injinia niliijua kwa kichwa. Ilikuwa sentensi moja tu: alitaka kukiri mwenyewe, Baba, mimi nikamkata. Baba angeniomba nimpigie pale pale, na kaka yangu angefika kabla ya jioni.

“Sijui, Baba,” nikasema. “Nadhani alitaka kuaga.”

“Kuaga,” Baba akasema.

Kisha akaniomba niiweke simu kwenye chaji, nami nikaichukua mkononi mwake nikaenda kuichomeka.